Kijitabu cha Mazishi ya Mama

Larkin, Illinois
6 Machi 2023

Mdogo wangu Lonzo,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yangu siku hizi ni mapambo tu. Juzi ulipopiga simu sijui ulisema nini, mimi nikakujibu habari za kuku, ukacheka, nikajua nimechapia. Kwenye karatasi angalau nakusikia.

Nina jambo. Unalikumbuka duka la viatu la Kimbrough, pale kona ya mtaa wetu wa Dobbs? Sasa ni duka la bangi. Usicheke. Lina maua dirishani, na mlinzi wake anamsalimia kila mtu kwa heshima. Wanauza mchana kweupe na unapewa risiti. Mzee Dupree wa kwaya huenda kila Ijumaa, anasema ni dawa ya kuchua magoti, nami sijamchimba zaidi. Lakini kila nikipita pale roho inanichoma. Hatua arobaini kutoka mlango ule ndipo polisi walipouvunja mlango wa Mama kwa ajili ya mfuko wako mmoja wa kitu hicho hicho, nawe ukafungwa miaka minane.

Sasa nisikilize. Halmashauri ya mji imepitisha kwamba kodi ya bangi inayokusanywa hapa Larkin itarudi kwa watu walioumizwa na misako ile ya polisi, kupitia ofisi wanayoiita Mfuko wa Kutengeneza. Utapewa wakili wa kukufutia rekodi mahakamani, bure kabisa. Na zile nyumba mpya za ghorofa zinazomaliziwa kujengwa Dobbs, nyingi zimetengwa kwa waliofungwa na jamaa zao waliofukuzwa. Nyumba yako mwenyewe, Lonzo, na ufunguo mfukoni.

Unajua sheria ya jengo hili la wazee ninamoishi. Mwaka 2011 ulikuja kuniona, mlinzi akakwambia mwenye rekodi kama yako haruhusiwi kulala humu, ukaenda kulala kituo cha basi na pai yangu ya viazi vitamu mkononi. Tangu siku hiyo hujarudi. Sikulaumu.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Nina miaka sitini na saba, goti la kulia limegoma, na kaka yetu Cecil huko Detroit hata njia ya kuja ameisahau. Nataka kuzeeka karibu na wewe. Nimesema.

Dada yako,
Verdell


Memphis, Tennessee
15 Machi 2023

Dada Verdell,

Shikamoo. Barua yako imenikuta katikati ya kochi. Mwenyewe ni mjane anayetaka nibadilishe kitambaa lakini nisiguse lile bonde alilokuwa akikalia mumewe. Miaka ishirini ya ufundi wa makochi na hiyo kazi sijawahi kufundishwa. Nafunga sponji kulizunguka bonde kama mtu anayefunga kidonda.

Sasa hiyo bangi yenye risiti. Nimecheka, halafu nimeweka nyundo chini. Kwanza nikasema siendi. Walinichukua nina miaka thelathini na mitatu, leo nina sitini, wanataka kunirudishia nini? Mama hayupo. Mlango wake haupo. Na tusidanganyane, ule mfuko ulikuwa wangu. Nilivuta na niliwauzia rafiki zangu kidogo. Sikuwa malaika, nilikuwa mjinga mwenye redio kubwa.

Halafu nikafikiria ufunguo. Mwenye nyumba wangu wa hapa kila mwaka ananikumbusha kwamba alinipokea kwa huruma, kwa sababu ya ile rekodi. Nimechoka kuishi kwa huruma ya mtu, dada. Na wewe kuzeeka peke yako na goti lililogoma, hilo silipendi.

Kwa hiyo nimejaza fomu. Kuna ukurasa unaotaka uthibitisho kwamba mimi ni mtoto wa nyumba namba 612 Dobbs. Cheti changu cha kuzaliwa kilipotea pamoja na vitu vya Mama walipovitupa barabarani. Labda una kile kijitabu cha mazishi yake, chenye picha yake na wasifu na majina ya aliowaacha. Hukuwahi kunitumia. Ningependa kukiona.

Ule mboga na shingo ya bata mzinga kwa niaba yangu.

Lonzo


Larkin
24 Machi 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi hadi nikapika mkate wa mahindi siku ya kazi. Jirani yangu Bi. Hattie aligonga mlango kuuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia mdogo wangu anarudi. Akasema, "Yule wa gerezani?" Nikamwambia, "Yule wa Memphis," nikamnyima mkate.

Kuhusu kijitabu, sidhani kama kipo. Unajua stoo ya chini iliingia maji mwaka ule wa mvua nyingi, vitu vingi viliharibika. Tena kilikuwa cha kawaida tu, picha yenyewe haikutoka vizuri, kofia ilimficha uso. Tafuta uthibitisho mwingine. Hakuna ripoti yako ya shule?

Nakutumia picha yake nyingine, ile ya Pasaka na gauni la zambarau. Itazame hiyo. Hali ya hewa hapa bado mbaya, ziwa limechafuka na upepo unakata masikio, na mimi ya kwangu yalishakatika.

Verdell


Ofisi ya Mfuko wa Kutengeneza, Larkin
4 Aprili 2023

Ndugu Lonzo Sykes,

Tumepokea fomu yako. Mimi ndiye ninayeshughulikia maombi ya mtaa wa Dobbs. Kimepungua kitu kimoja, uthibitisho kwamba ulikuwa mmoja wa watoto wa marehemu Bi. Ozella Sykes wa namba 612.

Tunajua familia nyingi zilipoteza karatasi zao zilipofukuzwa. Wazee wa mtaa walituambia wenyewe: karatasi zinaweza kupotea, lakini kijitabu cha mazishi huwa kimo ndani ya Biblia ya mtu. Kwa hiyo tunakipokea. Huwa tunatazama pale palipoandikwa "Ameacha," kama jina la mwombaji limo. Ukikipata, kilete kabla ya 31 Mei, siku ambayo kamati itakaa katika ukumbi wa Kanisa la Mlima Nebo.

Nyongeza isiyo ya kiofisi: bibi yangu alikaa namba 630. Anakumbuka redio yako.

Renita Cobbins


Memphis
11 Aprili 2023

Dada,

Soma barua ya huyu binti Cobbins, nimekuwekea nakala. Ripoti za shule sina, ile shule yenyewe walishaibomoa. Wanachotaka ni kijitabu tu.

Sasa, kama kimeharibika na maji, sawa. Kama kuna jambo jingine, nalo ni sawa. Mimi ni mtu mzima, nimeshakaa kwenye vyumba vibaya kuliko ukweli wowote utakaoniambia. Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema. Niandikie tu.

Yule mjane amekuja kujaribu kochi lake. Alikaa pembeni ya bonde, akaweka mkono ndani yake, akalia, halafu akaniambia kazi nzuri.

Lonzo


Larkin
22 Aprili 2023

Lonzo,

Nimekipata! Kilikuwa ndani ya sanduku la kofia za Mama, nani angefikiria. Nimekipeleka mwenyewe ofisini kwa Bi. Cobbins, mkononi mwake, kwa hiyo wewe usihangaike tena. Nakala sikutengeneza, mashine ya maktaba ni mbovu. Huna haja ya kukiona, jina lako limo, wameridhika, basi.

Jambo jingine hakuna. Mbona unauliza uliza kama polisi?

Jumapili tuna kambare wa kukaanga kanisani kuchangia paa. Nitasema wewe umetoa sahani mbili.

Verdell


Ofisi ya Mfuko wa Kutengeneza, Larkin
9 Mei 2023

Ndugu Sykes,

Naandika kwa moyo mzito. Ombi lako limesimamishwa.

Dada yako alituletea kijitabu cha mazishi ya mama yenu, cha Juni 1999. Kinasema: "Ameacha watoto watatu, Verdell, Cecil na Lonzo." Wiki iliyofuata binamu yenu Loretha, ambaye mwanawe naye alifungwa, alileta kijitabu cha mazishi hayo hayo. Chake kimekunjika, kina doa la chai, na kinasema: "Ameacha watoto wawili, Verdell na Cecil." Nyuma ya kile chenye jina lako kuna anwani ya duka la chapa lililofunguliwa mwaka 2010.

Kanuni zinasema karatasi ya kughushi inafuta ombi la mwombaji, hata kama aliyeileta ni mtu mwingine. Nakuomba unieleze kwa maandishi kabla ya tarehe 26 Mei. Mimi binafsi siamini kwamba ni wewe. Lakini ninachoamini mimi hakijazwi kwenye fomu.

Renita Cobbins


Memphis
13 Mei 2023

Bi. Cobbins,

Kijitabu chenye jina langu ni cha kughushi. Cha binamu Loretha ndicho kilichogawiwa kanisani. Sikukichapisha mimi, lakini sitaki kujua wala kusikia mkitafuta aliyekichapisha. Chochote alichofanya mtu huyo, alikifanya ili nirudi nyumbani, na hiyo si dhambi ya kupelekwa mbele ya kamati.

Naliondoa ombi langu. Mpeni chumba mtoto wa Loretha, ana watoto wadogo.

Nikuombe kitu, binti yangu. Dada yangu asiitwe wala asiandikiwe. Ni mshika hazina wa wakaribishaji wa kanisa kwa miaka thelathini na jina lake ndilo mali aliyo nayo. Mimi jina langu lilishazoea.

Msalimie bibi wa 630. Mwambie nasikitika kuhusu redio.

Lonzo Sykes


Larkin
20 Mei 2023

Lonzo, mdogo wangu,

Jana Renita Cobbins alikuja kwangu. Alikuwa na barua yako. Akasema, "Mama Verdell, hii siruhusiwi kukuonyesha. Kwa hiyo nitaiweka mezani, niende jikoni ninywe maji." Alikunywa maji polepole sana, yule mtoto. Nami nikaisoma mara mbili.

Jina lako lilishazoea. Umeandika hivyo. Nimelia hadi Bi. Hattie amegonga ukuta.

Sasa nitakwambia, na usinikatize. Hakuna stoo iliyoingia maji. Kijitabu chenye doa la chai cha Loretha ndicho cha kweli, nami ndiye niliyekipeleka kwa mchapaji mwaka 1999 bila jina lako. Si kwamba mchapaji alisahau, wala si kwamba nafasi haikutosha, ingawa hivyo ndivyo nilivyowaambia watu kanisani. Nililiacha kwa makusudi, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa na hasira nawe. Walipovunja mlango nilikuwepo, nilikwenda kumsuka Mama nywele. Walimlaza sakafuni na nusu ya kichwa imesukwa na nusu haijasukwa. Baada ya mwezi ikaja barua kwamba nyumba ya kupanga ya serikali ikipatikana na dawa za kulevya, familia yake yote inatoka. Mama akahamia kwenye chumba changu cha nyuma, akaanza kukonda, na kila Jumapili watu wananiuliza, "Habari za mdogo wako?" kwa ile sauti. Mama alipofariki nikasema basi, leo tu, kwenye karatasi moja, niwe na familia isiyoulizwa.

Miaka yote nilikutupia wewe mzigo wa kazi iliyofanywa na wale waliovunja mlango. Wao wamestaafu vizuri. Kitu chenyewe sasa kinauzwa kwenye duka lenye maua dirishani. Wewe ndiye uliyebaki umefutwa, na mikono iliyokufuta ni ya dada yako.

Kibaya zaidi ni hiki. Unajua akina mama wa kanisa letu huandika wasifu wao wenyewe kabla ya kufa, maana hawamwamini mtu. Mama naye aliandika wake, kwa penseli, akaukunja ndani ya Biblia kwenye Zaburi. Mimi niliunakili wote, maneno yake yote, nikaruka moja. Karatasi ile ninayo. Sikuwahi kuweza kuitupa. Nakuandikia hapa kama alivyoandika yeye:

"Nimewaacha watoto wangu, Verdell wa Larkin, Cecil wa Detroit, na Lonzo wa nyumbani."

Lonzo wa nyumbani. Ulikuwa gerezani maili mia mbili kutoka hapa na alijua fika, alikuwa akipanda basi kila mwezi kwenda kukuona. Na nyumbani kwenyewe alishafukuzwa. Bado aliandika hivyo.

Uliponiomba kijitabu mwezi wa tatu, niliona nitajulikana. Nikaenda kwa mchapaji mpya, nikampa maneno yale yale na jina lako nimelirudisha, nikajiambia natengeneza. Njia ya mwongo ni fupi. Nimekusukumia tena kosa la mtu mwingine, na wewe tena ukalibeba ukanyamaza.

Safari hii sikubali. Tarehe 31 nitasimama mbele ya kamati, kwenye ukumbi wa kanisa letu, mbele ya wakaribishaji wote, na karatasi ya Mama mkononi. Ombi lako nimemsihi Renita asiliondoe kabla ya siku hiyo. Anasema anaweza kuwa "bado anatafuta faili."

Usiniambie yaliyopita si ndwele. Huo ni msemo wa aliyekosewa, mkosaji hana haki ya kuusema wala kuuomba. Nakuomba msamaha tu. Ukichelewa kunijibu nitaelewa.

Verdell


Memphis
24 Mei 2023

Dada Dell,

Sichelewi. Barua imefika saa nne asubuhi na sasa ni saa nne na nusu, nimefunga duka.

Nilijua.

Nilijua tangu Julai 1999. Gerezani hawakuniruhusu kuja kumzika Mama, wakasema ulinzi hautoshi. Bi. Theola Grubbs, mkaribishaji mwenzako, alinihurumia akanitumia kijitabu kimoja kwa posta bila kukwambia. Sidhani kama alikisoma vizuri, miwani yake unaijua. Nikafika pale penye "Ameacha." Mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Nikarudia kwa kidole.

Nisikudanganye kwamba haikuniuma. Iliniuma miaka minne mizima. Nilikuwa nashona viti vya mahakama wakati huo, ndiyo kazi waliyotupa, na kila msumari niliupiga na jina lako. Kuna hakimu mahali fulani katika jimbo la Illinois amekalia hasira yangu hadi leo. Halafu ikaisha. Wema wangu haukuhusika, ilichoka tu yenyewe, na nikagundua kwamba ilipochoka kilichobaki ni kukukumbuka.

Mwezi wa tatu nilipokuomba kijitabu, sikukiomba kwa ajili ya fomu. Nilitaka ule mlango kati yetu ufunguliwe na mmoja wetu, na mimi niliogopa kuusukuma kutoka upande wangu. Ningesema, "Najua," ungeona nimekuja kukudai. Kwa hiyo nikagonga polepole. Nawe ukaenda kujenga mlango mpya kabisa na anwani ya duka la mwaka 2010. Dada, kwa akili zako zote!

Lakini karatasi ya Mama sikuijua. Hiyo ndiyo iliyofunga duka leo. Miaka ishirini na minne nimeamini kwamba hata yeye alikubali niachwe nje. Sikuwahi kumuuliza mtu. Nilijiambia nilistahili. Nimeandika yale maneno matatu kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, kwa chaki ya fundi, nimekibandika ukutani.

Nami nina langu. Mfuko ulikuwa wangu na niliuweka chini ya kitanda cha Mama yetu kwa sababu nilijua hakuna atakayemshuku. Hilo hawakunifunga kwa ajili yake na ndilo kosa langu kubwa. Amelazwa sakafuni nusu amesukwa, sikujua hilo mpaka leo. Hukuniandikia, lakini mimi pia, katika barua zangu zote za miaka hiyo, sikukuomba radhi hata mara moja. Pole, dada. Pole kwa chumba cha nyuma, na pole kwa ile sauti ya Jumapili.

Msamaha ulishaupata zamani, ulikuwa unakusubiri posta. Kwenye kamati usiende kama hutaki. Nyumba si kitu.

Mdogo wako,
Lonzo


Larkin
2 Juni 2023

Mdogo wangu,

Nyumba ni kitu, na nilikwenda.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa ile kofia ya Mama ya bluu ili angalau mmoja wetu aonekane jasiri. Mwenyekiti, mwanamume mpole mwenye tai ya njano, akaniuliza kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu, "Mama Verdell, ulighushi kijitabu hiki?"

Nikasema, "Baba, nimeghushi mara moja tu, nayo ilikuwa mwaka 1999. Hicho chenye doa la chai ndicho cha uongo, ingawa karatasi yake ni ya zamani. Hicho kipya ndicho cha kweli, ila kimechelewa."

Wakaribishaji wenzangu walinitazama kwa macho ambayo nitaendelea kuyaona kwa muda. Nikawasomea karatasi ya Mama yote, tangu alipozaliwa Mississippi hadi mstari wa mwisho. Pale penye jina lako nikasimama, nikanywa maji, nikarudia.

Halafu nani akasimama, kama si Bi. Theola Grubbs, miaka themanini na tisa, na fimbo yake! "Mimi nilimfundisha huyo Lonzo shule ya Jumapili," akasema. "Alikuwa akiiba peremende kwenye mkoba wangu. Ni wa Ozella, hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na masikio yale." Na bibi yake Renita akapaza sauti kutoka nyuma, "Na redio!" Watu wakacheka, hata mwenye tai. Nadhani kicheko ndicho kilichonisaidia nisianguke.

Wamenikaripia, na ni haki yao. Wamesema kosa ni langu na si lako, na mwandiko wa Mama pamoja na mashahidi wawili unatosha. Umekubaliwa. Wakili atakuandikia wiki ijayo kuhusu rekodi. Nyumba yako ni ya chini, mkono wa kushoto, na dirisha la jikoni linatazama pale palipokuwa namba 612. Mtoto wa Loretha yuko ghorofa ya juu yako, kwa hiyo jiandae kwa kelele, nawe ujue walivyojisikia watu wa 630.

Cheo cha mshika hazina wa wakaribishaji nimekirudisha mwenyewe. Mchungaji akasema tutazungumza. Jumapili Bi. Hattie alikaa karibu nami, akanipa peremende tu.

Sasa jambo la mwisho. Nimeamua kuandika wasifu wangu mwenyewe, kama Mama, nisije nikamwachia mtu kazi hiyo. Sisemi kwamba nakufa, usianze. Nimekuwekea hapa. Sahihisha, wewe sasa ndiye mtunzaji wake. Mstari unaokuhusu ni huu:

"Nimewaacha ndugu zangu wawili, Cecil wa Detroit na Lonzo wa Memphis."

Dada yako,
Verdell


Memphis
10 Juni 2023

Dada Dell,

Nimeusoma wote. Ni mzuri, ingawa umejisifu mno kwenye sehemu ya upishi. Nimeweka alama mahali pamoja tu ulipokosea.

Vifaa vyangu nimeshavipakia, nyundo, sindano na ile mashine nzito. Lile kochi la mjane limeondoka jana, nikabaki na duka tupu na kipande cha kitambaa ukutani, nacho nimekibandua nimekikunja mfukoni. Basi linafika Larkin Jumamosi ijayo saa tisa alasiri. Usije kituoni na goti hilo. Nisubiri Dobbs, mkono wa kushoto.

Na kalamu yako iwe tayari. Futa Memphis. Andika kama alivyoandika Mama.

Lonzo